Mkufu wa Mapigo Kumi na Mawili

Nyinyi watatu mliochukua uwanja wangu wa fimbo hapa Rumonge, haya ni yenu. Nimesema watatu kwa sababu nimewahesabu mara mbili, na mara zote mbili mmoja wenu alikuwa amechelewa. Mmeniomba niandike jinsi nilivyofundisha miaka yote hii, tangu bendera ya Wadachi ilipokuwa ngeni kule Usumbura mpaka sasa ambapo hata mbuzi wameizoea. Nililipwa nini sitaandika, maana habari hiyo ni fupi mno. Nilipanda vyeo gani pia sitaandika. Uwanjani kwetu kulikuwa na cheo kimoja tu, na nilikuwa nimekikalia mimi.

Kwa atakayesoma bila kutujua, mchezo wetu uko hivi. Watu wawili wanasimama uso kwa uso na fimbo mkononi. Mmoja anapiga, mwenzake anapokea na kurudisha, na miguu ya wote wawili inazunguka mpaka kila mtu arudi alipoanzia. Mapigo ni kumi na mawili, yamepangwa tangu zamani, hayaongezwi wala hayapunguzwi. Tunayaita mkufu, kwa kuwa kila pigo limeshikana na lenzake. Pembeni anasimama mwalimu, anahesabu, na baadaye anasema nani amekosea wapi. Kazi yangu yote ilikuwa hiyo. Inaonekana nyepesi. Nimeifanya vibaya miaka mingi kabla ya kuijua, na nitawaeleza ule ubaya zaidi, kwa kuwa uzuri wangu mmekwisha kuusikia sokoni, ninausema mwenyewe.

Nilikuja Rumonge kununua ndagala, wale samaki wadogo wanaoanikwa mchangani, niwapeleke milimani. Mtu akinitajia bei, nilicheka kwanza, halafu ndipo nikauliza ni bei ya nini. Siku moja nilikuwa nabishana na wanawake watatu kwa pamoja, na nilikuwa nashinda wawili, mzee mmoja akaniita pembeni. Alikuwa Fundi Feruzi, Mmanyema mfupi mwenye kovu shavuni, aliyewahi kulinda misafara mpaka Ujiji, na sasa alifundisha fimbo nyuma ya vyungu vya mawese.

"Una pumzi," akaniambia. "Njoo tuipe kazi nyingine."

Siku ya kwanza alinipa uti wa kuti la mchikichi, akaniambia nisimame. Nikasimama. Jua likatoka juu ya kichwa likaenda begani.

"Fundi, tunaanza lini?"

"Tulianza uliposimama. Unasimama vibaya."

Feruzi hakusema makosa mengi. Alitazama mkufu wako wote, kimya, akaenda zake nyumbani, na kesho yake ndipo akasema neno moja. "Jana, kiwiko." Basi. Siku nzima hiyo kazi yako ilikuwa kiwiko. Mimi nilitaka kujua yote kwa mara moja, nikajaribu kupatana naye.

"Fundi, nipe kiwiko, halafu niongezee na goti kidogo."

"Kiwiko kimekwisha?"

"Bado."

"Basi goti la nini? Utaliweka wapi?"

Nilimbembeleza mwezi mzima na sikupata hata kifundo cha mguu. Ni mtu pekee ukanda huu wote ambaye sikuwahi kumpunguzia wala kumwongezea kitu.

Kuhusu fimbo zenyewe, msinunue iliyonyooka kama mshale eti kwa kuwa inapendeza. Mwanafunzi mpya apewe uti wa kuti mpaka aache kuhofia vidole vyake. Fimbo ya kweli ni ya mti mgumu, na wetu ulitoka Bugarama. Wakata miti wa kule ni watu wa heshima, wanakudanganya kwa upole. Ichukue fimbo, ishike katikati kwa vidole viwili, igonge. Ikilia imepona, ikikohoa ina ufa ndani. Ining'inize juu ya jiko mwezi mmoja ipate moshi, kisha ipake mawese kidogo, uifute, uipake tena. Ukiipaka mengi itateleza, na itamfikia mtu ambaye hamkugombana naye.

Feruzi alipochoka macho alikwenda Ujiji kwa binti zake, na uwanja ukawa wangu. Hapo ndipo nilipoanza kuharibu.

Nilikuwa na mazoea ya sokoni, na sikuyaacha mlangoni. Mtu anayenunua ndagala kwa vikapu huhesabu mara mbili: mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa mkono. Nikafanya vivyo hivyo uwanjani. Nilisema "moja!" wakapiga, kisha nikasema "moja" nyingine, ndogo, ya kuhakikisha kwamba mguu umefika mahali pake. "Mbili!" Wakapiga. "Mbili." Nikatazama miguu. Na kwa kuwa katika ile ya pili hakuna aliyekuwa anafanya kitu, nikaona ni nafasi nzuri ya kusahihisha. "Mbili. Wewe, bega! Wewe, usitazame chini, hujaangusha kitu! Tatu!" Mkufu ambao kwa Feruzi ulikwisha mtu akivuta pumzi mara chache, kwangu ulichukua muda wa kupika maharage.

Watu waliupenda. Mwalimu mwenye maneno mengi anaonekana anafanya kazi. Alinijia askari mmoja aliyemaliza utumishi bomani, mtu mkubwa, mwenye miguu iliyozoea kupigwa chini kama anaua nyoka. Kila pigo alisimama wima akangoja amri. Siku moja koo lilikuwa linaniuma, sikumwambia kitu mpaka mwisho. Akanifuata kwa huzuni.

"Mwalimu, nimekukosea?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Leo hukunitukana. Mutu asipotukanwa, atajuaje kama iko anajifunza?"

Nilicheka, nikamtukana kidogo, akaenda nyumbani ameridhika. Ningekuwa na akili ningekaa chini nikawaza kwa nini mwanafunzi wangu anafanana na mtu aliye gwarideni. Sikuwaza. Tena nilijivunia kwamba mtu akicheza fimbo Usumbura, watu walisema, "Huyu wa Rumonge, wa yule mwalimu," kabla hata hajataja jina lake. Sikuuliza walimjuaje.

Sasa nifike kwa Bukuru.

Mnakumbuka malale, ule ugonjwa wa usingizi, yalivyopita kandokando ya ziwa hili. Wadachi walifyeka vichaka vya ufukweni, mitumbwi ikazuiwa, watu wakapangwa mstari washikwe shingo. Aliyekutwa na matezi alipelekwa kambini kupigwa sindano. Wengi hawakurudi. Bukuru alirudi. Alikuwa mvuvi wa Muhuta, mtu wa makamo aliyefiwa na mke zamani, na kabla ya ugonjwa alikuwa akipiga kasia mpaka ng'ambo na kurudi kama mtu aliyekwenda kuazima chumvi. Alirudi na karatasi yenye muhuri ya kusema amepona, na mwendo wa mtu aliyebeba mtungi uliojaa. Hakuyumba, hakusinzia. Alikuwa wa polepole tu. Ukimsalimia, salamu ilimfikia, akaitazama, akaijibu.

Alikuja uwanjani baada ya alasiri.

"Amahoro, Mwalimu."

"Amahoro, Bukuru. Karibu."

"Nataka mukufu."

"Wote?"

"Wote. Nina miezi miwili."

Nikamuuliza nani amempa miezi miwili, na hapo akatazama upande wa vyungu vya mawese. Palikuwa na mwanamke mmoja pale, Hidaya, mjane, anakoroga, na mgongo wake ulikuwa unatusikiliza. Walipopatana mimi sikuona, na mimi huona kila kitu.

Hidaya alikuwa na kaka, Salumu, mchonga mitumbwi. Wote wawili waliishi kwa mama yao, Bi Mgeni. Na mke wa Salumu alikwenda kambi ile ile aliyotoka Bukuru, akazikwa huko, hata kaburi Salumu hakuonyeshwa. Kwa hiyo Bukuru alipopeleka posa, Bi Mgeni alikubali na Salumu akakataa. Hakukaa naye mkeka mmoja. Hakumtaja kwa jina, alimwita "yule mugonjwa."

"Ameiona karatasi yangu," Bukuru akaniambia. "Amesema karatasi haiwezi kupiga kasia. Anasema nicheze mukufu mulangoni kwao kabla ya mufungo, mbele ya watu. Nikimaliza, ataamini."

"Na usipomaliza?"

Alifikiri. "Watu watasema malale iko ingali mwilini. Maneno yatafika bomani. Watanirudisha kambini, Mwalimu. Mule sirudi tena mara mbili."

Ile desturi ya mlangoni nyinyi mnaijua, lakini niiandike, maana vijana wa sasa wanaoa kwa haraka. Bwana harusi anacheza mkufu na ndugu wa bibi harusi mbele ya mlango wa kwao. Ndugu anapiga, bwana anapokea na kurudisha, na mwalimu wa bwana anahesabu. Bwana akiangusha fimbo, au akipigwa mwilini, mlango haufunguliwi mwaka ule. Na mwalimu haruhusiwi kutamka neno lolote isipokuwa hesabu. Akitamka neno moja tu la kufundisha, mlango umefungwa, hata kama mchezaji hakukosea. Mwamuzi ni mama mwenye nyumba, anakaa kizingitini. Nilikuwa nimesimama milango mingi, na kila mara nilikuwa nimeuma ulimi mpaka ukavimba.

Tulianza. Bukuru hakuwa mjinga wa fimbo. Mikono ilikumbuka mambo ya utoto. Moja alipiga, mbili alipiga, na kwenye tatu alikwama. Alisimama kama mtumbwi uliogusa mchanga, fimbo juu, macho yakitafuta. Nilimsaidia kwa njia niliyoijua, yaani kelele. "Mguu! Si huo! Inua! Shusha! Tatu, tatu!" Kadiri nilivyosema ndivyo alivyokwama mapema. Wiki ya tatu alikuwa anakwamia kwenye mbili. Nilihesabu siku zilizobaki, nikazihesabu tena, hazikuongezeka. Siku moja fimbo ilimtoka mkononi ikaviringika mpaka kwenye vyungu. Akaenda kuiokota, akairudisha kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Labda Salumu anasema kweli," akaniambia.

Nikamruhusu aende. Ndipo Hidaya akaja, mikono imejaa mafuta mekundu mpaka viwikoni.

"Mwalimu, samahani. Mimi si mwanafunzi wako."

"Hilo naliona."

"Lakini nasikia. Miaka minne nakoroga pale, sina la kufanya ila kusikia. Wewe unahesabu mara mbili."

"Ndiyo. Ili nisikosee."

"Wewe hukosei. Ila wanafunzi wako wote wakipiga wanasimama kidogo, kama mutu aliyekumbuka ameacha moto jikoni. Halafu ndipo wanaendelea. Wengine kusimama na kuondoka si kitu. Huyu wangu akisimama, kuondoka tena iko kazi nzito. Na pale anaposimama ndipo wewe unammwagia matusi."

"Si matusi, mama. Ni mafundisho."

"Ukiwa pale kwenye vyungu yanafanana."

Nilikasirika, na nisiseme uongo, nilikasirika vizuri. Nikaenda nyumbani nimejaa majibu. Lakini kesho yake niliwapanga wanafunzi wengine wawili wawili, nikawageuzia mgongo kama nafunga kamba ya kiatu, ingawa sikuwa na viatu, nikasikiliza. Fimbo zililia, zikanyamaza. Zikalia, zikanyamaza. Kila pigo na shimo lake. Uwanja mzima ulikuwa unachechemea, na mimi ndiye niliyeuvunja mguu. Ndivyo walivyowajua watu wangu kule Usumbura. Walikuwa wanawacheka, na mimi nilikuwa napokea pongezi.

Nilimwambia Bukuru aniingize mtumbwini. Mitumbwi ilikuwa imeruhusiwa tena, ya karibu na ufuko. Nikakaa mbele, nikamtazama akipiga kasia. Alikuwa wa polepole, ndiyo, mtoto angempita. Lakini kasia lilipotoka majini mkono ulikuwa tayari unakwenda kulirudisha, na lilipoingia mgongo ulikuwa tayari unavuta. Hapakuwa na mahali ambapo alianza, wala mahali ambapo alimaliza. Huyu mtu hakuwa na tatizo la mwendo. Tatizo lake lilikuwa mimi.

"Bukuru, hapa unahesabu?"

Akatazama maji, akatikisa kichwa. "Oya. Hapa mutu anapumua tu."

Tangu siku ile nikahesabu mara moja. Moja yangu ikawa ndefu, inaanza fimbo inapopanda na kuisha inaposhuka, na mwisho wa moja ulikuwa ndio mlango wa mbili. "Mo-o-ja, mbi-i-li, ta-a-tu," kama mtu anayevuta kasia. Polepole kuliko alivyowahi kucheza mtu yeyote hapa, lakini bila kusimama. Nilipoiondoa hesabu ya pili, nikagundua jambo ambalo sikulitazamia: sina tena mahali pa kuweka maneno yangu. Yalinijaa mdomoni. Siku za mwanzo nilitafuna uti wa kuti ili nisipasuke. Makosa niliyaona yote, nikayahesabu kimoyomoyo, na jioni nikamchagulia moja tu.

"Leo, kifundo cha mkono."

"Basi?"

"Basi."

Akanitazama kwa wasiwasi. "Mwalimu, wewe ndio mugonjwa sasa?"

Siku hiyo alikuwa amefika tano. Wiki iliyofuata tisa. Pigo la saba ndilo lililomsumbua, kwa kuwa hapo mchezaji anageuka, anampa mwenzake mgongo kwa kitambo, na mguu wa kushoto lazima upite nyuma ya wa kulia. Mara mbili katika tatu alipita. Ile ya tatu sikulala vizuri kwa ajili yake.

Siku ilifika, kabla ya mfungo. Watu walijaa kwa Bi Mgeni kama vile wamealikwa, na wengi wao hawakualikwa. Bi Mgeni alikaa kizingitini na mkongojo mapajani. Hidaya alikuwa ndani, nyuma ya mlango uliofungwa. Salumu alisimama amefunga kiuno, kifua cha mtu anayechonga mitumbwi kila siku, na begani ametupa kitambaa cheupe.

"Tusikawie," akasema kwa sauti. "Yule mugonjwa asije akasinzia."

Watu wakacheka. Bukuru hakucheka wala hakukasirika. Alishika fimbo, akapumua, akanitazama. Nikaanza.

"Mo-o-ja."

Salumu alipiga kwa nguvu, akitaka haraka. Lakini anayepiga lazima angoje hesabu, na hesabu ilikuwa yangu. Mbili. Tatu. Fimbo zililia moja juu ya nyingine bila shimo, na nikasikia kicheko cha watu kinapungua. Kwenye nne Salumu alianza kunung'unika, "Tunaenda mazikoni?" Kwenye tano hakusema kitu. Kwenye sita alikuwa anatoka jasho, maana kwenda polepole na mtu asiyesimama ni kazi ngumu, fimbo haipati mahali pa kupumzika.

"Sa-a-ba."

Bukuru akageuka, na mguu wa kushoto ukapita mbele.

Nikauona. Naapa niliuona kabla haujagusa chini. Akasimama, nusu mgongo kwa Salumu, fimbo hewani, macho yake yale ya mtumbwi uliogusa mchanga. Nyuma yangu mtu akasema taratibu, "Malale." Mdomoni mwangu neno "nyuma" lilikuwa limekwisha kusimama tayari, na meno ndiyo yaliyolizuia. Neno moja, na angejua. Neno moja, na mlango ungefungwa, naye angerudi kambini kwa ajili ya ulimi wangu. Salumu aliinua fimbo anangoja nane. Nikisema nane, anapigwa mgongoni. Nikinyamaza, saba imekwisha, na amekwama.

Basi sikunyamaza. Niliendelea na saba. "Sabaaaa," nikaiburuta, nikaishikilia, haikuwa neno la kufundisha, ilikuwa hesabu, ile ile, haijaisha. Niliwahi kungoja bei sokoni mpaka muuzaji akafunga duka, lakini sijawahi kungoja hivi. Pumzi ikaanza kuniishia. Masikio yakapiga kelele. Salumu akasema, "Saba gani hii, ndefu kama ziwa?" Sikuweza kumjibu, nilikuwa na kazi. Kifua kiliniuma, machozi yakanitoka, na sauti ikawa nyembamba kama ya mbu, lakini ilikuwa bado ni saba.

Na Bukuru akaisikia. Nilimwona akiisikia. Mabega yakashuka, kama mtu anayetambua kwamba kasia lake bado limo majini. Hakurudi nyuma kuanza upya. Alivuta tu, polepole, mguu ukatoka ulipokuwa, ukapita nyuma ya wa kulia, akamaliza kugeuka, fimbo ikashuka mahali pake.

"Nane," nikasema, kwa sauti ambayo hata mke wangu asingeitambua.

Salumu alipiga. Fimbo ikapokelewa. Tisa. Kumi. Kumi na moja haikusikika vizuri, nilikuwa navuta hewa. Kumi na mbili, na kila mtu alikuwa amesimama alipoanzia.

Salumu akamgeukia mama yake.

"Mama, ile saba!"

"Nimeisikia," Bi Mgeni akasema.

"Ilikuwa ndefu!"

"Ilikuwa ndefu. Ilikuwa moja." Akagonga mlango kwa mkongojo, nao ukafunguliwa kwa ndani upesi sana, kama vile mtu alikuwa ameshika komeo tangu asubuhi.

Hidaya hakutoka. Desturi haimruhusu. Tuliona mkono wake tu, ubavuni mwa mlango, bado na wekundu wa mawese kwenye kucha.

Salumu aliitazama fimbo yake. Halafu akamtazama Bukuru, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama bila kutafuta matezi shingoni. Bukuru alikuwa amesimama palepale alipomalizia, jasho linamwingia machoni, wala hajui afute kwa kitu gani kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye fimbo.

"Alikuwa polepole hivi hivi," Salumu akasema. Hakutaja jina, lakini sote tulimjua mkewe. "Siku walipomuchukua. Nilimwambia aharakishe, wasituone."

Bi Mgeni akatazama chini.

Salumu akakitoa kile kitambaa begani, akamwendea Bukuru, akamfuta uso. Akamfuta na shingo, pande zote mbili, bila haraka. Kisha akavuta mkeka uliokuwa ukutani, akaukunjua mbele ya mlango, akakaa upande mmoja, na kupiga kiganja upande wa pili.

"Shemeji," akasema, "kaa."

Bukuru hakukaa. Alinigeukia mimi, fimbo bado mkononi, kama mwanafunzi anayengoja kuambiwa kosa lake la leo. Nilikuwa nimeyahesabu. Yalikuwa manne, na la mguu wa kushoto lilikuwa kubwa.

"Umemsikia shemeji yako," nikamwambia. "Kaa."